Nilisema Anaona Haya

Walipokuja kuwapima watoto nguvu za mwili, skuli yetu ya huku Micheweni haikuwa na kiwanja, ni mawe matupu. Wakachora mistari miwili ya chaki barabarani. Watoto waliruka kwa mguu mmoja, wakarusha mpira, kisha wakakimbia kutoka mstari hadi mstari mpaka filimbi ilie. Sisi wazazi tulikaa barazani tukiangalia.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Mara ya tatu alisimama katikati, akachutama. Wenziwe wakacheka.

"Kobe huyo! Inuka weye!"

Kuchutama kwake nilikuzoea. Tukienda kwenye mwani alichutama mara mbili kabla hatujafika pwani, nami nikimwita mvivu.

Mpimaji, mwanamume wa makamo, akanijia na karatasi. "Bi, huyu kashindwa au kakataa? Walioshindwa nawaandikia waende hospitali wakatazamwe."

Wanawake wenzangu waligeuka kunitazama. Mtoto wa kike akishaitwa mgonjwa mbele za watu, neno hilo humfuata mpaka siku ya kuposwa.

"Hajashindwa," nikasema. "Anaona haya. Wetu wa kike hatuwafundishi kukimbia mbele za wanaume."

Akaniomba radhi, akaandika kakataa. Jirani yangu akanigusa goti. "Umelea, mashaallah." Nilifurahi, sitaficha.

Njiani binti yangu akasema, "Mama, mie sikuona haya. Pumzi ziliniishia."

Nikamwambia anyamaze, atembee.

Hakuifikia Ramadhani iliyofuata. Daktari alisema ni moyo, kazaliwa nao hivyo. Nikamuuliza: angeletwa mapema je? Aliitazama meza kwanza. "Pengine," akasema. "Siwezi kukuhakikishia."

Waliokuja kunipa pole walisema ni kadari ya Mungu, nami naamini. Lakini maneno yale niliyasema mimi.

Mwaka huu wapimaji walirudi. Nilikwenda, ingawa sina tena mtoto wa kupimwa. Nilimngoja yule bwana mpaka akamaliza kukunja kamba zake za kupimia, nikamwambia habari ya binti yangu. Hakumkumbuka, watoto walikuwa wengi. Nikamweleza hata hivyo kwamba yule hakukataa, alishindwa, na aliyedanganya ni mimi.

Aliziweka kamba chini. Kisha akaniuliza kama nataka maji ya kunywa. Nikasema ndiyo, nikakaa.