Chumba cha Manjano cha Bi Basma

Kule Mtongwe, Likoni, wiki mbili kabla ya Idd, wanawake hawakununua kitambaa cha pazia bila kwanza kupita barazani kwa Mwanarehema. Hawakwenda kushonewa tu. Walikwenda kuulizwa maswali. Dirisha lako linatazama wapi? Wageni wako huja saa ngapi? Makochi ni yale yale ya rangi ya damu ya mzee, au umeshayabadilisha nguo? Akishajibiwa, hufunga jicho moja kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, kisha hutaja rangi. Na watu walirudi kumwambia kwamba wageni wamekaa mpaka wamesahau kwenda kwao.

Rangi aliyoiogopa na kuipenda kuliko zote ni manjano. Nyekundu, alisema, hata ukiionea itakuvumilia. Manjano hayavumilii. Asubuhi utayaona kama kiini cha yai, alasiri yamekuwa uso wa mgonjwa. Kwa hiyo usiyachague dukani chini ya taa. Paka karatasi, ibandike ukutani, iangalie adhuhuri, iangalie alasiri, iangalie magharibi, ndipo uamue.

Hakusomea popote. Alijifunza kwenye leso. Leso ina pindo linalozunguka, ina mji pale katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini. Ukitaka manjano yakae mjini, pindo liwe la rangi nzito: nili, au damu ya mzee. Ukiyaweka pindoni, mji uwe mweupe. Na jina liwe moja tu, mto mmoja au picha moja, kitu kimoja kinachosema, vingine vinyamaze. "Nyumba ni leso," alimwambia bintiye Asmaa tangu mtoto huyo akiwa anatambaa chini ya cherehani akiokota vipande vya nguo. Baba mtu alikuwa ameshafariki. Walikuwa wawili tu, na hivyo vipande.

Asmaa alipomaliza chuo kikuu alikaa mwaka mzima bila kazi, kisha akafungua ukurasa mtandaoni: kupamba nyumba za watu. Alianza na nyumba za Kisauni, akaendelea Bamburi. Akifika kwenye chumba hupiga simu ya video, akaigeuza polepole. "Mama, waona dirisha? Waona sakafu?" Na mama, miguu ikiwa juu ya cherehani, husema: huko tia samawati, hapo usitie kitu. Picha zikipandishwa, watu humsifu Asmaa. Mwanarehema hakuona ubaya. Mwanawe akisifiwa, yeye naye kasifiwa.

Kisha ikaja kazi ya Nyali. Bi Basma, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani mjini, alitaka sebule ya manjano kabla ya posa ya binti yake, na madirisha yake yalikuwa marefu mno, hayapimiki kwa simu. "Itabidi uje mwenyewe, mama," alisema Asmaa.

Mwanarehema alivaa buibui la kutokea. Wakivuka kivukoni alikuwa akijipangia maneno ya kujibu, kwa sababu alijua kuna jambo litasemwa. Asmaa atamshika mkono mbele ya watu wale na kusema: huyu ndiye mamangu, ndiye aliyenifundisha. Mara moja tu. Hakutaka kingine.

Bi Basma aliwafungulia mlango mwenyewe, mwanamke wa makamo, mtulivu, udi ukimnukia nguoni.

"Shikamoo, Bi Basma," alisema Asmaa.

"Marahaba, mwanangu. Ndooni, ndooni mukae. Na huyu mwenzako ni nani?"

Asmaa alimtazama mamake, kama mtu anayekagua namba kabla ya kuipiga.

"Huyu ni fundi wangu. Wa mapazia."

"Karibu, fundi."

"Nimekaribia," alisema Mwanarehema, na yale maneno aliyojipangia akayameza yote.

Yakaletwa maji ya ukwaju, gilasi mbili. Bi Basma akachukua moja, Asmaa moja. Mwanarehema akatoa tepu yake akaenda dirishani, akawapa mgongo na kuanza kupima. Nyuma yake alimsikia mwanawe akieleza kwa sauti ya kisomi, ya polepole.

"Mimi, Bi Basma, husema nyumba ni leso. Ina pindo, ina mji, ina jina."

"Mashallah! Maneno mazuri hayo. Nani alokufundisha?"

"Ni mbinu yangu mwenyewe. Nimeitunga nilipokuwa chuoni."

Tepu ilimponyoka Mwanarehema ikaanguka. Karisa, mpakaji rangi, aliyekuwa amechuchumaa akikoroga ndoo, aliiokota akampa.

"Mama," alinong'ona, "huyu bosi wetu mbona mmefanana hivi? Pua ile ile, wallahi."

"Watu wa pwani sote tumefanana."

"Ah! Mimi pia ni wa pwani, pua hiyo sinayo."

"Koroga rangi yako, Karisa."

Alikuwa amefika dirisha la tatu Asmaa alipomwita.

"Mwanarehema! Hebu njoo hapa."

Bila Mama, bila hata Bi. Jina tupu, kama linavyoitwa kwenye foleni ya hospitali. Na Mwanarehema, pasipo kufikiri, aliitika:

"Abee."

Kwa watu wa kwao mtoto wa kike hufundishwa neno hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Mkubwa akiita, mdogo huitika abee. Halijawahi kushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Asmaa mwenyewe alifundishwa kwa kufinywa sikio, maana alikuwa mtoto wa kuitika "nini?" Sasa alisimama na kadi ya rangi mkononi, masikio yamemwiva.

Bi Basma alitabasamu. Alikuwa mtu wa kuthamini mambo hayo. "Umepata fundi mwenye adabu, Asmaa. Wa siku hizi hawaitiki hivyo."

"Ndiyo, Bi Basma," alisema Asmaa. Angeweza kusema hapo hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Badala yake alinyoosha kadi. "Nimeamua manjano ya limau, na mapazia na makochi rangi ya jivu. Ndivyo wanavyofanya sasa. Sawa, fundi?"

Mwanarehema aliitazama ile kadi, kisha akatazama nje. Sebule ilielekea bustanini, na bustani ilikuwa imefungamana, miti na majani mpaka dirishani. Alasiri, jua likishakwenda upande wa pili, ukijani wote ule ungeingia ndani na kulala juu ya kuta. Limau tayari lina ukijani wake. Na jivu halina cha kuusukuma nje. Aliliona jambo lote kama mtu anavyoona gilasi ikiwa ukingoni mwa meza. Maneno manne yangetosha.

"Wewe ndiwe mwenye kujua," alisema.

Siku zile alizoshona mapazia ya jivu alijiambia kwamba ile ilikuwa adabu tu. Fundi hamsahihishi mwenye kazi mbele ya mteja. Lakini kulikuwa na simu. Kulikuwa na siku tatu nzima, usiku na mchana, na nyumba ya vyumba viwili ambamo yeye na Asmaa walikula sahani moja. Hakusema. Asmaa naye hakuuliza, wala hakutaja yaliyopita kule, akawa anasifu wali.

Mapazia yalitundikwa Alhamisi asubuhi, Karisa akisaidia, Mwanarehema akisingizia goti na kubaki nyumbani. Ijumaa alasiri wakaja wakwe watarajiwa. Jumamosi Asmaa aliingia ndani bila salamu, akatupa mkoba kitandani.

"Amenipigia simu Bi Basma. Wajua amesema nini? Amesema wageni wake walikaa kama watu waliotoka wodini. Amesema mama wa mposaji alimuuliza bibi harusi kama ana homa ya manjano. Mbele ya watu!"

Mwanarehema aliendelea kupinda upindo.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua toka siku ile?"

"Toka uliponyoosha kadi."

"Na ukaninyamazia?"

"Fundi husema anapoulizwa."

"Nilikuuliza!"

"Uliniuliza kama fundi. Nimekujibu kama fundi."

Asmaa alikaa kitandani. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa kavu. "Ningemwambiaje, mama? Yule mtu akijua yote haya yanatoka kwenye baraza ya Mtongwe, kwa mshonaji asiyesoma, ataniona mimi ni nani? Nilisema fundi. Ni neno tu. Wewe umeniacha nikaaibika mbele ya watu wanaojulikana mji mzima. Mama wa kweli hafanyi hivyo."

Hilo Mwanarehema alikuwa amelifikiria mwenyewe, akishona jivu lile, na kila alipolifikiria alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Aliukata uzi kwa meno.

"Andika," alisema. "Limau litoke lote. Apake manjano ya bizari, yenye wekundu ndani yake. Ule ukijani ukiingia utakutana na wa kuuzima. Dari nyeupe. Mapazia ya nili, na chini yake pindo la damu ya mzee, upana wa shubiri. Jivu asiache hata mto."

Asmaa alitoa simu akaandika, akifuta pua kwa mkono wa nguo. Aliuliza nili ya namna gani, akaambiwa. Aliuliza na jina je, kile kitu kimoja kinachosema? Akaambiwa sinia la zamani la shaba lililofichwa nyuma ya kabati la Bi Basma. Mwanarehema alikuwa ameliona siku ile akipima.

"Utayashona lini?"

"Jumatano yatakuwa tayari."

"Basi Alhamisi twende pamoja." Asmaa alisita. "Ila kule wameshakuzoea hivyo hivyo, mama. Tusianze kueleza saa hizi. Nikishasimama, nitasema. Inshallah."

"Mapazia nitakupa," alisema Mwanarehema. "Mimi siendi."

"Sasa nani atayatundika?"

"Nyali haikosi watu wa kutundika."

Jumatano Asmaa alikuta mapazia yamekunjwa na kupigwa pasi, juu ya kiti, yamefungwa kwa utepe. Mwezi uliofuata alipata wateja wengine wawili Nyali, akahamia chumba cha kupanga Mjambere. Ni karibu na kazi, alisema.

Picha ya sebule Mwanarehema aliiona kwa jirani yake Salha, aliyekuja mbio na simu mkononi.

"Hebu mtazame mwanao! Manjano hayo, utafikiri jua limekaa kitako! Na maneno aliyoandika, eti nyumba ni leso. Lo, mtoto ana akili huyu. Watu elfu mbili wamependa."

Mwanarehema alitazama. Manjano yalikuwa yamekaa sawasawa. Sinia lilikuwa ukutani. Mapazia yalitundikwa kichwa chini, pindo la damu ya mzee limepanda juu karibu na dari, na Bi Basma amesimama mbele yake akicheka, mkono begani kwa Asmaa.

"Mashallah," alisema. "Pamependeza."

"Na wewe hukwenda kuona? Kazi yote hiyo ya mwanao?"

"Aliitwa fundi. Mimi sikuitwa," alisema Mwanarehema, akamrudishia simu yake.