Gari la Kumfikisha Mama Simbo

Hata sabuni siinunui kabla ya kulinganisha, sembuse gari. Kwa miezi kadhaa nilijifundisha habari za haibridi kwenye simu: jinsi injini ya petroli na mota ya umeme zinavyopokezana kazi, jinsi betri kubwa inavyopozwa na feni iliyo karibu na kiti cha nyuma. Sikuwa na mwalimu, kwa hiyo kila nilichokielewa nilikitilia shaka.

Sababu ya gari ilikuwa mgongo wa mama. Pikipiki zilikuwa zimemshinda, na bila kufika Simbo kwenye michikichi yake alikuwa akinywea mbele ya macho yetu. Lifti za majirani alizikataa, maana wakati wa kushuka walimbeba. "Mimi si gunia," alisema.

Baada ya kulinganisha, nilibakiwa na magari mawili ya familia yanayouzwa, yote haibridi. La kijivu, la mfanyabiashara wa Mwandiga, lilikuwa refu kwenda juu, viti saba, lenye nguvu. Jeupe la daktari wa Bangwe, aliyepata uhamisho, lilikuwa dogo na fupi zaidi. Moyoni nilishachagua la kijivu, ila sikuthubutu kusema.

Tulianza na hilo. Mwenyewe akaendesha, mimi na mama tukakaa nyuma. Kwanza mama alitandika kitenge kiti kizima hadi sakafuni, kama wafanyavyo kina mama wetu wanaoshika mawese, maana doa lake halitoki.

"Mama, chini ya kiti kuna tundu. Betri inapumulia hapo."

"Inapumua?" Akainama kuchungulia. "Ina mafua?"

Mwenye gari akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Mwache mama akae, dogo. Gari hili halijawahi kukohoa."

Kwenye mwinuko feni ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga. Nikavuta kitenge, mama akakivutia kwake, nikavuta tena. Kilipokunjwa, feni ikatulia taratibu.

Hilo lingesameheka, kitenge kinakunjika. Lakini tulipofika Simbo mama alifungua mlango, akatazama chini, akaninyooshea mkono bila kuniangalia. Nikamshusha kwa kumbeba. Alipokanyaga ardhi akanisukuma mkono.

Wiki iliyofuata tukapanda jeupe, daktari akiendesha. Tundu lake la hewa liko ubavuni mwa kiti, kitenge hakilifikii. Nililikagua kabla ya kuondoka, kisha nikalikagua tena njiani.

"Mama, huyu mwanao ni fundi?" daktari akauliza.

"Ni mwoga. Hata chai iliyopoa anaipuliza."

Kwenye mwinuko ule ule jeupe lilipanda polepole. Nikaanza kuzitamani nguvu za la kijivu, nikawaza na safari za watu saba ambazo hatujawahi kuzifanya.

Tulipofika, nilizunguka mbio nimfungulie mama. Nikakuta mlango wazi na kiti kitupu. Alikuwa ameshashuka, anatembea kati ya michikichi, mkono mmoja kiunoni, akimgombeza shemeji yake anayemtunzia shamba kwa magugu yaliyojaa.

"Mlidhani nimekufa?"

"Shikamoo, shemeji! Tulikuachia na wewe kazi kidogo."

Nilimgeukia daktari nikamwambia tunalichukua, tena haraka, kabla sijaanza kulinganisha upya.