Uso Wangu Mikononi mwa Mwanamke wa Koti Jeupe

Baada ya kumzaa mtoto wa pili, mashavu yangu yalishika madoa ya kahawia, moja kila upande. Nilikaa nayo miaka mitatu bila kuyajali sana. Nafundisha kemia katika shule ya sekondari karibu na Masii, na wanafunzi wangu hawana haja na mashavu yangu, wanangoja kengele. Aliyeyajali ni mdogo wangu. Ntheo yake ilikuwa imekaribia, ile siku upande wa mume huleta mbuzi na binti akahesabiwa kuwa ameposwa, naye alitaka picha nzuri.

"Dada, utakaa hivyo kwa picha?" aliniuliza.

Ningemjibu kwamba nitakaa hivyo hivyo. Badala yake Jumamosi nilimfuata hadi mjini Machakos, tukapanda ngazi hadi chumba cha urembo kilicho juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Ndani tulimkuta mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe. Msichana wa mapokezi alimwita daktari, mdogo wangu akamwita daktari, nami nikamwita daktari. Hakuna aliyeuliza ni daktari wa nini.

Hakuuliza natumia dawa gani, wala ngozi yangu hukataa nini. Aliniambia nilale, akachukua chupa isiyo na lebo na kuanza kunipaka uso mzima kwa brashi. Nilipouliza ni nini, alisema ni asidi ya matunda. Hapo ndipo hasira yangu huanza, na huanza na mimi mwenyewe. Kila mwaka nawaambia kidato cha kwanza kwamba asidi isiyo na jina wala kipimo haiguswi. Nimewahi kumtoa mwanafunzi nje ya maabara kwa kosa hilo. Lakini pale nililala nikafumba macho, kwa kuwa nilikuwa nimeshamwita daktari na niliona haya kumhoji.

Dawa ikaanza kuwaka. Nikamwambia inaniunguza.

"Vumilia, mrembo," alisema. "Ikiwaka ujue inafanya kazi."

Nikavumilia. Siku ya tatu ngozi ilitoka vipande vipande, na chini yake palikuwa pabichi, panatoa maji. Wiki iliyofuata pakageuka peusi, peusi kuliko madoa niliyokuwa nayo. Siku ya ntheo nilikaa jikoni nyuma ya nyumba ya mama, nimejifunga leso hadi machoni, nikikoroga sufuria za wageni. Mama alikuja akaishusha ile leso kwa kidole kimoja. Aliirudisha, akatoka, na tangu siku hiyo hajawahi kuniuliza. Picha za siku hiyo zipo, mimi simo.

Nilirudi kwa yule mwanamke. Alinitazama kama mtu anayetazama ukuta uliopakwa rangi vibaya na fundi mwingine, akasema kosa ni langu, nilikaa juani. Nikamuuliza alisomea wapi. Akasema amefanya kozi. Nikauliza ya muda gani.

"Wiki mbili," alisema, bila aibu yoyote, kisha akaniambia anaweza kunipaka tena kuondoa huo weusi.

Nilishuka ngazi kwa hasira. Sikumpiga, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Jirani yangu ni muuguzi mstaafu. Ndiye aliyenikalisha chini na kunifundisha kumchagua daktari wa ngozi, kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kuungua. Aliniambia niulize kama amesajiliwa kuwa daktari, kisha kama amebobea katika ngozi, maana hayo ni mambo mawili. Niulize ametibu nyuso ngapi nyeusi kama wangu, na mambo yakiharibika hufanya nini. Nilipiga simu sehemu tatu. Ya kwanza walinikatia simu nilipouliza la usajili. Ya pili walinitajia tu jinsi mashine yao ilivyo mpya. Ya tatu, daktari mwenyewe alishika simu na kujibu yote, na kwa lile la nyuso nyeusi akacheka kidogo, akasema ndizo ametibu maisha yake yote.

Alikuwa mama mwenye mvi. Alinimulika uso kwa taa, akauliza kuhusu mimba zangu, sindano ya kupanga uzazi, sabuni, hata kama navaa kofia nikienda shambani. Nilimwomba aniondolee weusi upesi.

"Leo sikugusi," alisema. "Ngozi hii imeumizwa. Tutaiacha ipone kwanza."

Nilikasirika naye pia. Nilitaka mtu afanye kitu. Aliniandikia mafuta ya kujikinga na jua na dawa ya kupaka usiku, akaniambia nirudi baada ya miezi miwili. Ilichukua zaidi ya mwaka. Weusi umeisha, isipokuwa kovu la ukubwa wa punje ya hindi chini ya jicho la kushoto. Madoa ya zamani bado yapo, hafifu, na daktari aliniambia wazi kwamba huenda yasiishe kabisa. Ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ukweli kuhusu uso wangu.

Nilikuwa nimeliandikia baraza la madaktari kulalamika, na ile sehemu ya Machakos ikafungwa. Mwezi uliopita, nikipita Kyumbi, nilimwona yule mwanamke mlangoni pa chumba kipya kando ya barabara, koti lile lile, akimkaribisha msichana mwenye chunusi. Nilivuka barabara, nikamwambia yule msichana yaliyonipata. Alinisikiliza kwa adabu, akalitazama kovu langu, akanishukuru, kisha akaingia.

Nimeandika barua ya pili. Hawajanijibu.