Tikiti la Kuaga Joto

Du, du, du. Mpaka leo nausikia mlio wa kidole cha Bibi kikigonga tikiti maji, sikio kalilaza juu ya ganda kama anayesikiliza mtoto tumboni.

Alikuwa Mchina, mama mzazi wa injinia wa barabara. Walipanga nyumba Diani, nami nilikuwa nikiwafulia na kuwapigia deki. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: marahaba, kula, kesho. Nikimwamkia, aliivuta ile marahaba kama wimbo mpaka nikacheka.

Asubuhi moja ya Agosti mwanawe, aliyejifunza Kiswahili kwa mafundi wake, alinieleza akitoka kwenda kazini.

"Kwa kalenda yetu leo joto linaaga, majani yanaanza kupukutika. Watu wa nyumba hukaa pamoja wakang'ata tikiti. Mimi nitachelewa. Utakula na mama, sawa?"

"Tikiti na kipupwe hiki? Kaka, sisi joto lilituaga zamani!"

Akacheka akaenda zake. Mimi nilibaki na ufagio mkononi, nikijiona nimevaa koti refu, natembea juu ya majani mekundu huko kwao.

Lakini nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nikilipa siku zangu za Ramadhani, na mwanamke utamwambiaje mwanamume kwa nini siku zile hukufunga? Kwa haya sikumwambia.

Adhuhuri Bibi alilipasua tikiti. "Kula." Nikaonyesha mdomo, nikatikisa kichwa. Akaniangalia kwa huruma, akajishika shavu: alidhani jino laniuma! Basi akanikatia vipande vidogo vidogo, akazitoa mbegu moja moja kwa ncha ya kijiti cha kulia, mpaka bakuli likajaa.

"Nitafuturu nalo nyumbani, Bibi," nikasema, nikaliweka kwenye friji.

"Kesho?"

"Si kesho, leo jioni."

Alasiri manyunyu yakaanza. Nikakimbilia nguo kambani, na pikipiki ya kunipeleka steji nayo yapiga honi getini. Nikatoka mbio. Nilikuwa nimeshafika kwetu Msambweni, magharibi imeadhiniwa, tende i mdomoni, ndipo nilipokumbuka.

"Yallah, bakuli la Bibi!"

"Si utalikuta kesho," mama yangu akasema.

Kesho yake nililikuta limeoshwa, limefudikizwa. Tikiti lililobaki lilikuwa kwenye friji vile vile, halikuguswa.

"Mama hakula," mwanawe akaniambia. "Alikungoja, hakutaka kung'ata peke yake. Anauliza, chakula chake unakionea kinyaa?"

"La, wallahi! Nilikuwa nimefunga."

"Ramadhani si ilikwisha?"

"Ndiyo, lakini..."

Nikaangalia sakafu, uso wanichoma. Sijui alimwambia nini mama yake. Bibi alinipigapiga mkono akasema, "Kesho." Nikaelewa ni mwaka ujao.

Mwaka haukufika. Barabara ilikwisha, wakarudi kwao, na Bibi hajui mpaka leo kwamba lile bakuli nililitamani kutwa nzima.

Agosti hii nilishuka Ukunda, nikagonga matikiti mpaka mwuzaji akaniuliza kama natafuta ngoma. Nikarudi na moja zima.

"Utakohoa wewe," mama akasema.

"Nikohoe tu, mama."

Siku hiyo sikufunga. Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi nyuma ya jiko, nikazitoa mbegu moja moja kwa ncha ya kisu mpaka bakuli likajaa, nikalila lote.