Hodi kwenye Nyumba ya Picha

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, baba yangu alisimama mlangoni pa nyumba ya sanaa mjini akakataa kuingia kwa sababu hakuna aliyemwitikia hodi. Mlango ulikuwa wazi, watu wanaonekana ndani wakizunguka polepole, lakini yeye amesimama na suti yake ya kanisani, anabisha kama mtu aliyefika kwa wakwe. Mlinzi akamwambia, "Ingia tu, Mzee." Baba akamjibu kwamba yeye haingii kwa watu bila kukaribishwa na mwenye nyumba. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa msichana aliyepevuka, na siku ile ndiyo ningejua kama nitaolewa na Opiyo au la.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Ni miaka ya tisini, sisi tukikaa mtaa wa Tena, Nairobi, baba akifanya kazi katika kiwanda cha mablanketi huko Industrial Area. Opiyo alikuwa kijana wa mtaa wa Umoja, na kazi yake ilikuwa kuchora. Alichora ng'ombe na mizani kwenye kuta za bucha ili apate unga, na muda uliobaki akachora picha zake mwenyewe. Nilipomtaja nyumbani, baba aliweka kikombe chini akauliza, "Kuchora ni kazi, ama ni kitu cha watoto wa nasari?"

Lakini baba, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kukataa kitu asichokiona. Aliposikia kwamba kuna picha ya Opiyo imetundikwa kule makumbusho, akasema, "Basi huyo kijana atupeleke. Nitaamua nikishaona."

Tulikwenda kwa miguu, Opiyo akitaka tuanzie nyumba za sanaa za mjini kabla ya makumbusho. Usinionee huruma, nusu ya mtaa wetu ilikwenda kazini hivyo kila asubuhi. Tukafuata barabara ya Outer Ring, tukaingia Jogoo Road, baba mbele, sisi wawili nyuma kama watoto wanaorudishwa shule. Opiyo akaninong'oneza, "Buda yako anatembea kama soja."

"Nyamaza bana," nikamwambia. "Utatuharibia."

Tulipokaribia katikati ya mji, baba akatoa kitambaa mfukoni akapangusa vumbi la viatu, kisha akampa Opiyo naye apanguse. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Siku ile nilikuwa nasoma dalili kwenye kila kitu, hata kwenye kitambaa cha viatu.

Basi turudi pale mlangoni. Mchoraji mmoja mwenye rangi kwenye kucha, rafiki wa Opiyo, alisikia hodi ile akatoka mbio. "Karibu, Mzee, karibu sana ndani!" Hapo baba akavua kofia, akaingia.

Sijui nikuambieje tulichokikuta. Katikati ya chumba alisimama ndege mkubwa aliyeungwa kwa vijiko, spoku za magurudumu na cheni kuukuu, mbawa zimefunguka. Baba, aliyeshinda na mashine maisha yake yote, alimzunguka ndege yule. "Hii ni cheni ya baiskeli," akasema, kama aliyemtambua ndugu yake kwenye umati. Akainama, akamtazama kwa chini. "Na anataka kuruka!"

Ukutani kulikuwa na picha ya kina mama wamepanga foleni kwenye bomba la maji, kila mmoja na mtungi wake, picha pana kushinda ukuta wetu wa sebuleni. Opiyo alisahau kabisa kwamba anachunguzwa. "Mzee, kuja uone hapa. Huyu jamaa amechora maji na mpako mmoja tu wa brashi. Mimi nimejaribu hii kitu mpaka nikachoka, haikubali."

Baba akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. "Hapa ni rangi tu," akasema. Akarudi nyuma. "Hapa ni maji." Akaenda tena mbele, akarudi tena nyuma, watu wanampisha, na kinywa chake kimebaki wazi. Sijawahi kumwona baba yangu vile, hata kanisani siku ya Pasaka.

Kutoka hapo tulipanda ngazi hadi nyumba nyingine ya sanaa juu ya maduka, halafu tukakwea kilima cha makumbusho. Kote huko Opiyo alikuwa akisifia kazi za wenzake. Huyu anajua kivuli, yule anachonga jiwe mpaka linapumua. Mimi nilikuwa nachemka. Nilimfinya mkono. "Onyesha yako! Kwani tumekuja kuona za nani?"

"Tutafika," akasema, macho yake yako kwingine.

Picha yake ilikuwa ndogo, kwenye ukumbi mwembamba, karibu na mlango. Nakuapia, nusura aipite. "Hiyo ni yangu," akasema haraka, akaanza kumwelekeza baba kwenye kinyago cha mtu mwingine. Baba hakuelekea. Alisimama pale, mikono nyuma, muda mrefu mno. Nikajua mambo yameharibika.

Opiyo alituaga mjini. Sisi tukarudi, na tulipofika Makadara baba akaketi kwenye ukuta mfupi ili alegeze kamba za viatu. Nilishindwa kuvumilia.

"Baba, umeonaje zile picha?"

"Wewe umezionaje?"

Nikamtazama usoni, nitafute jibu pale.

"Huwezi kujua," akasema, na hakuwa na hasira. "Kutwa nzima ulikuwa unaangalia uso wangu. Huu uso uko nyumbani kila siku, mama. Tumetembea mpaka miguu ikafa, kumbe wewe hukufika." Akafunga kamba. "Mimi nimefanya kazi na mafundi wengi. Wengine ukiwaonyesha kitambaa kizuri cha mwenzao, wanatafuta uzi uliokatika. Huyu kijana leo alikuwa na haja ya kujisifu kuliko mtu yeyote katika Nairobi, na akatumia siku yake kusifu wengine. Mwambie alete wazee wake."

Nililia pale barabarani bila aibu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi peke yangu, kwa miguu vilevile, nikatazame nilichokuwa nimekipita. Mwanangu, nilishangaa. Nilisimama mbele ya kina mama wa foleni mpaka nikahisi ubaridi wa maji yale. Nikafika kwenye picha ya Opiyo, ambayo kusema kweli nilikuwa sijui ni ya nini. Ilikuwa ovaroli moja ya buluu imeanikwa kwenye kamba asubuhi, mikono imening'inia, bado ina umbo la mtu aliyeivua. Ndipo nikaelewa kwa nini mfanyakazi wa kiwanda alikwama pale. Na mtu aliyeweza kuona hivyo alikuwa anataka kunioa mimi!

Basi sikia. Unapomchagua mtu wa kuishi naye, mpeleke mahali penye kazi nzuri za watu wengine, umsikilize. Atakayeumia kuona uzuri wa mwenzake, siku moja ataumia kuona wako. Opiyo, baba yako, ameishi nami miaka hii yote na hajawahi kuuonea wivu uzuri wangu. Halafu ukisimama mbele ya kitu kizuri, kitazame wewe mwenyewe. Usiazime uso wa mtu mwingine uje ukuambie kama ni kizuri.

Mungu akupe miguu ya kufika na macho ya kukawia. Akujalie moyo unaofurahia mkono wa mwingine, na akukutanishe na mwenye moyo kama huo. Nenda na baraka zangu, mwanangu, na za babu yako, aliyesimama mbele ya maji yaliyochorwa na asione haya kushangaa.