Alitukataza Kizimba, Sasa Anakuja Kukiomba

Wenye ukurasa, jina langu lificheni, na la mume wangu pia, maana hapa Bwera, mji mdogo wa mpakani, tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa upande wa Butembo. Nilivuka mpaka wakati wa vita vya Kongo, nikaolewa na Mkonzo, mtu wa kabila la hapa, fundi wa kuchomelea vyuma. Nina watoto wanne na mkono mmoja. Naandika kwa wa kushoto, kwa hiyo mnivumilie mwandiko.

Wa kulia ulichukuliwa na mashine ya kusaga, kabla wanajeshi hawajashika serikali. Nilikuwa mfagiaji kwa mzee mmoja mwenye mashine hapa Bwera. Mshahara wa mfagiaji ni unga unaomwagika chini ya mkanda, na kuupata lazima uinamie mkanda ukiwa unazunguka, maana mashine ikizimwa wateja wanagomba. Sasa mume wangu alikuwa ameona huko Kasese, kwenye mashine ya kampuni kubwa, kizimba cha chuma kinachofunika mkanda wote, na chini yake droo. Unga unaanguka ndani, mfagiaji anavuta droo, kwisha. Akatutengenezea chetu kwa bati la pipa la mafuta. Nilikitumia msimu mzima wa mahindi bila hata mchubuko.

Ndipo akaja ajenti wa ile kampuni, na polisi nyuma yake. Akasema, "Hii kitu iko na hataza." Mzee akauliza hataza ni mnyama gani. Ajenti akasema ni karatasi ya serikali, na anayetengeneza kitu hicho bila ruhusa ya kampuni ni mwizi. Mzee akaiomba hiyo ruhusa. Ajenti akacheka. "Kampuni ililipa mainjinia miaka mingi. Kila mtu akiiga bure, nani atasumbuka kutengeneza kitu kipya? Mkitaka kizimba, nunueni mashine yetu."

Mume wangu akamwambia, "Bwana, mashine yenu uzeni mnavyotaka. Lakini kitu cha kuzuia watu wasiumie, mnakifungia nini?" Walikifungua wakakipakia kwenye lori.

Wiki haikuisha. Niliinama, ncha ya kitenge ikashikwa na mkanda, nikapeleka mkono kuivuta. Mengine sitaandika. Ajenti alipopata habari alisema mbele ya watu sokoni kwamba yule mwanamke wa Kongo alikuwa mzembe. Neno hilo nalala nalo mpaka leo.

Wageni wenye biashara kubwa walipofukuzwa nchini, wenye kampuni walikwenda zao. Ajenti akabaki, akapata kamashine kakuukuu kwenye barabara ya Mpondwe, mkanda uko wazi, na anayefagia ni mke wa mwanawe. Mwezi uliopita akaja kwetu, kofia mkononi. "Mama, mambo ya zamani tuyaache. Mwambie mumeo anitengenezee kizimba."

Nikamwuliza, "Uko na karatasi ya ruhusa?"

Nikamwambia, "Basi ungojee mainjinia." Ndugu zangu, siwafichi, nilifurahi. Jioni ile nilikula kuliko siku ya Noeli.

Mume wangu alikitengeneza kimyakimya. Kiko nyuma ya nyumba, kimefunikwa gunia. Amesema hatakipeleka mpaka mimi nitamke, kwa sababu mkono ni wangu. Ila aliongeza, "Ukikikalia, mama watoto, sasa kampuni ni wewe." Nilimnunia siku nyingi. Yeye ana mikono miwili, ni rahisi kwake kusema.

Nikatuma neno kwa Ajenti: aende sokoni Ijumaa, aseme mbele ya watu wale wale kwamba mimi sikuwa mzembe, ni yeye aliyening'olea kizimba. Akajibu kwamba mtu mzima wa heshima zake hawezi kujiaibisha hivyo. Sawa. Nami nikasema kizimba kitaota kutu.

Ijumaa hiyo nikapita kwenye mashine yake, nijionee. Yule binti, mkwewe, alikuwa ameinama, ncha ya kitenge inaning'inia karibu na mkanda. Ningeweza kumwita. Sikumwita. Nilisimama pale mlangoni nikangoja, na nilichokuwa nangoja nakijua, Mungu pia anakijua. Akatoka salama. Aliponiona akapiga goti akanisalimu, akanimiminia bakuli zima la unga wake kwenye kikapu. "Pokea, mama. Kulima na mkono mmoja ni taabu." Nikapokea. Kusema asante kulinishinda.

Msiniambie nisamehe, hilo padri ameshaniambia na masikio yamechoka. Nataka Ajenti aumie. Nataka asikie kwenye nyumba yake kile nilichosikia mimi. Nikimpa kizimba, ameshinda mara mbili: alininyima, na mimi nimempa bure. Nisipompa, kila asubuhi mkanda unawashwa, na Ajenti hafagii. Anayefagia ni yule binti.

Nyinyi mnaosoma, hasa mliokatwa kama mimi, nishaurini. Msichelewe kunijibu. Nifunue gunia, au niliache?