Sura ya Mbali

Skana yangu ilikuwa mtumba, kama kompyuta yake na kama shati nililovaa. Miaka ile biashara huria ilikuwa imetufikia Lindi kwa mafungu, na mimi nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu kubandika karatasi mlangoni: "Tunakuza picha." Nilijiona mjanja sana.

Mama mmoja mtu mzima akaja kutoka Rutamba na picha ya darasa la saba. Mwanawe marehemu alikuwa mstari wa nyuma, uso mdogo kama punje ya mtama. Picha yake nyingine haikuwepo. Hii aliitunza kama wanavyotunza mbegu kule kwao: aliifunga kwenye kitambaa, akaitundika juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Moshi uliwafukuza wadudu, kisha ukaanza kula watoto. Waliokaa mbele walikuwa wamebaki miguu.

"Mkuze kabla hajaondoka," aliniambia.

Kukuza uso mdogo hivyo kunataka skana isome picha kwa ukali mkubwa. Nikaweka nukta mia sita kwa inchi. Ilipotoka, uso ulikuwa vigae vya kijivu. Kuangalia, namba imejirudisha yenyewe sabini na tano. Nikaipandisha, ikashuka. Nikazima mashine na kuiwasha, ikashuka. Nikaifuta programu, nikaiingiza upya kutoka kwenye sidii iliyokwaruzika, ikashuka vilevile. Nikaenda kumpigia simu fundi wa Dar es Salaam.

"Programu hiyo si ya skana hiyo, kaka," akasema. "Tafuta yake."

Niitafute wapi, sokoni Mingoyo, kwenye mafungu ya nyanya?

Niliporudi, mama alikuwa bado kwenye benchi, haulizi kitu. Hilo ndilo lililonichoma. Angenifokea ningepumua.

Gari la Rutamba lilikaribia kuondoka. Nikamchapia ile ile ya vigae, ukurasa mzima, kwa aibu. Akaishika, akaigeuza huku na huku, akaniuliza mwanawe yuko wapi. Nikaibandika ukutani nimwonyeshe kwa kidole, hapa jicho, hapa mdomo, na mwenyewe sikuwa na hakika. Akanishukuru kwa adabu, akaenda mlangoni kuchukua kikapu chake. Alipogeuka kuniaga, akasimama.

"Huyu hapa," alisema taratibu. "Anacheka."

Nikaenda kusimama karibu naye. Kweli, kutoka pale mlangoni vigae vilikuwa vimeshikana, kijana amekuwa kijana. Mama akaanza kumfuata. Kabla hajafika ukutani, kijana akampotea. Akarudi mlangoni, akamwona. Akamwendea tena, akampotea tena.

Nilimwambia nyumbani aitundike, halafu awe anaitazama kwa mbali. Nilisema kwa furaha, kana kwamba kuna kitu nimetengeneza.

"Chumba changu kidogo, mwanangu," akasema, huku anaibandua. "Nitasimama wapi?"